Sifuri ya Kijito Chetu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepewa buti za mpira, glavu zinazofika kwapani, sinia jeupe la plastiki, kibano, na chujio lenye mpini mrefu kuliko mume wangu. Nimepewa pia daftari la fomu. Hili la kuandikia mambo yangu nimelinunua mwenyewe, maana nimeona nikiweka yote kichwani yatamwagika.

Kazi ni kuhesabu konokono wa majini, wale wanaobeba kichocho. Mkataba ni wa msimu mmoja wa mvua. Niliacha shule kidato cha pili, nikadhani watanicheka. Lakini yule mama mwenye ofisi, ambaye wote humwita Mama Ramani, aliniuliza swali moja tu: "Unaweza kusimama kwenye tope bila kulalamika?" Nikamwambia nalea mtoto wa mwaka na nusu, tope nalijua. Akacheka, akanipa kalamu.

Kila kituo ni dakika thelathini. Unachota, unamwaga kwenye sinia, unahesabu, unaandika. Simu uliyoitegea kengele ikilia, unatoka majini. "Na ukikuta sifuri," akasema, "andika sifuri." Nikaitikia kwa kichwa.

Mwisho wa msimu kompyuta itachora ramani ya mahali konokono wanapoishi, na penye wekundu mkali kuliko kwingine, yaani penye konokono zaidi, patajengwa sakafu ya kufulia yenye mabomba, watu wasiingie tena majini. Moja tu. Nimeomba iwe kwetu. Kijito kinapita nyuma ya nyumba, na mwanangu, ninayemwita Kifaranga, hukanyaga humo kila bibi yake anapofua.

Jumanne, 5 Machi

Kituo cha 1, chini ya daraja. Konokono 19. Nimerudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Alhamisi, 7 Machi

Kituo cha 4. Simu ikalia, sinia tupu, majani na viluwiluwi tu. Nikakumbuka mwalimu wa hesabu aliyekuwa akichora sifuri kwa kalamu nyekundu, kubwa kama yai, kisha anainua daftari darasa zima lione. Nikaizima simu, nikaendelea. Dakika ya hamsini nikampata mmoja, chini ya jani lililooza. Nikaandika 1. Nimefurahi. Hakuna atakayesema mama mwenye mtoto ni mvivu.

Jumamosi, 9 Machi

Kituo cha 6, dakika thelathini, konokono 22. Kituo cha 7, saa nzima na robo, mmoja. Mgongo unauma.

Alhamisi, 14 Machi

Kituo cha 9 ndicho kijito chetu! Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye jiwe lake anafua, Kifaranga miguu majini, anapiga maji kwa viganja na kujimwagia. Nikamtoa, akalia kama anachinjwa.

"Mwache mtoto," mama mkwe akasema. "Nimelea saba kwenye maji haya."

"Mama, maji haya yanaweza kuwa na ugonjwa."

"Ugonjwa uko wapi? Wewe umeingia na mabuti ya wazima moto, chujio kama la kukamatia mamba, na hujapata kitu."

Ni kweli, simu ilikuwa imeshalia na sinia ni tupu. Akaendelea, huku anakamua shuka: "Hapa maji yanakimbia, mwanangu. Konokono ni mvivu kama marehemu baba mkwe wako, hupenda mahali pa kukaa. Kawatafute kwenye mashimo ya matofali."

Huyu mama ana jibu la kila jambo. Nilisikia hasira, nikainamia chujio. Baada ya kutafuta kwa muda wa saa mbili kasoro dakika kumi, mvua ya kwanza ya msimu ikinidondokea shingoni, nikampata mmoja. Mdogo kama punje ya dengu. Nikamwinua juu kwa kibano kama kikombe cha ushindi. Mama mkwe akamtazama, akasema, "Huyo naye amepotea njia."

Nikaandika 1.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imetuzuia ofisini. Mama Ramani ametueleza kompyuta inavyojua, mimi na dereva wa gari la kazi, ambaye hujifanya anajua kila kitu na leo amekiri hajui hili.

Alisema ziko njia kadhaa. Ya kwanza, unaipa kompyuta mahali walipoonekana tu. Nayo inatazama pakoje: mteremko, joto, majani, kasi ya maji, kisha inatafuta kwingine panapofanana. Ya pili, unaipa walipoonekana na pia tulipotafuta tukawakosa, nayo inajifunza tofauti. Ya tatu, unaanza na konokono mwenyewe: joto gani linamuua, mkondo gani unamng'oa.

Nikasema, "Kumbe ni kama mtoto akipotea sokoni." Wakanitazama. Nikaona aibu lakini nikamalizia: "Utauliza alionekana wapi. Utakumbuka wapi umeshatazama hayupo, usirudi huko bure. Na utajiuliza yeye ni mtoto wa namna gani. Wangu hufuata kuku, kwa hiyo nitaanzia kwa wauza kuku."

Mama Ramani akaacha kalamu. "Nimefundisha jambo hili miaka tisa," akasema, "na sijawahi kulisema vizuri hivyo."

Kisha akatuonyesha ramani ya zamani, iliyochorwa na watu waliotutangulia kwa njia ya kwanza. Vidoti vyekundu vimepangana kama shanga kwenye uzi. Uzi wenyewe ni barabara! Walitafuta pale tu gari liliposimama, na fomu zisizo na konokono wakazitupa. Kompyuta ikaamini kwamba konokono wanapenda madaraja.

"Labda wanasubiri lifti," dereva akasema.

Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai.

Jumatano, 27 Machi

Kituo cha 15. Dakika arobaini na tano. Mmoja.

Jumanne, 2 Aprili

Sikwenda kazini. Kifaranga ana joto. Nilimkagua mkojo kwenye kikopo, nikauweka mwangani mara tatu, moyo mkononi. Ulikuwa safi. Jioni mama mkwe akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akacheka: "Kichocho chako hiki hapa, jino la juu." Alimbeba kwenye mbeleko siku nzima ili mimi nipumzike, na hakusema neno kuhusu hilo. Nimeliandika mimi.

Jumatatu, 8 Aprili

Vituo arobaini vimekwisha, na rasimu ya ramani imetoka. Kijito chetu ni chekundu! Konokono mmoja ametosha, maana rasimu inauliza wapo au hawapo tu.

Mama Ramani alisema sakafu ya kufulia huenda ikaja kwetu, maana pako pekundu na nyumba ni nyingi. Nilitaka kuruka. Niliona mabomba, niliona Kifaranga amesimama kwenye simenti kavu na viatu vyake.

Lakini yeye hakuwa na furaha. Aliikunja midomo, akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta. "Wamekuwa kila mahali kama chumvi. Penye mkondo wapo, penye kivuli wapo, penye mawe wapo. Kompyuta haioni tofauti yoyote. Mwaka mzuri kwa konokono, sijui." Mashimo ya matofali yalikuwa ya njano hafifu, rangi ya sijui. Hakuna kituo huko. Barabara inaishia darajani.

Jumanne, 9 Aprili

Mama mkwe ameshachagua bomba lake. La pembeni, lenye kivuli. Majirani wananiita mheshimiwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Nilimwambia dereva twende mashimo ya matofali, yale ya rangi ya sijui. "Gari halifiki," akasema. Nikamwambia miguu inafika. Akanung'unika njia nzima kwamba viatu vyake si vya kazi hii, lakini sinia alilibeba yeye.

Mashimo ni kumi au zaidi, mahali walipochimba udongo miaka mingi wakaacha. Mvua imeyajaza. Maji yamesimama, ya kijani, majani yameelea juu kama zulia. Wanawake wanafua ukingoni, watoto wanaogelea.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anasugua sare za shule aliniangalia mabuti. "Leo mmepotea? Gari lenu huwa linageukia darajani kila mwaka, tunaliona. Sisi husema wale wanahesabu daraja lisiibiwe."

Anaitwa Mama Pacha. Nilipoingia majini, chujio la kwanza tu: kumi na mmoja. Simu ilipolia nilikuwa na 71. Sabini na mmoja!

Nikamuuliza kama watoto wana shida yoyote. Akajibu kwa sauti ya kawaida, kama anayesema bei ya chumvi: "Hawa wangu wawili wanakojoa damu tangu mwaka jana. Wakubwa wanasema ni kukua."

"Si kukua, dada yangu," nikasema. "Ni kichocho, na kina dawa. Wapeleke zahanati kesho." Akaacha kusugua.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nitaandika sana, na karatasi ziishe kama zinataka.

Asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni, nawaza wale pacha. Mama mkwe akaja na kikombe cha bati, amekifunika kwa kiganja, macho yanamcheka. "Shika. Nimekuona huna raha tangu jana. Nimekupatia konokono wa kijito chetu."

Nikatazama ndani. Konokono wa bustanini! Mkubwa, kahawia, wa nchi kavu, bado ana kipande cha jani la kabichi mgongoni.

"Mama! Huyu umemtoa kwenye mboga."

"Sasa? Kwani ana kitambulisho? Mwandike. Nilikuonea huruma, unavyoinama kule saa mbili kwa mmoja."

Nikacheka, naye akacheka, Kifaranga akacheka kwa sababu tumecheka. Kisha nikakitazama tena kile kikombe. Huyu mama ameidanganya hesabu kwa mapenzi. Na mimi je? Kule kituo cha 4, cha 7, cha 15, nilimfanyia nini Mama Ramani? Nilimletea konokono kwenye kikombe, nimemfunika kwa kiganja.

Nikaingia ndani nikafungua hili daftari. Kwenye fomu za ofisi kila kituo kimeandikwa dakika 30, zimechapwa hivyo, sikuzigusa. Lakini humu nimeandika ukweli bila kujua ni ukweli: dakika hamsini, saa na robo, saa mbili kasoro dakika kumi. Nimehesabu. Vituo kumi na moja. Mahali kumi na moja ambapo konokono ni wa kutafutwa kwa tochi, mimi nimeiambia kompyuta wapo kama kawaida. Ndiyo maana haioni tofauti. Waliotutangulia walizitupa sifuri zao, mimi zangu nilizivika nguo. Sijui nani amekosa zaidi.

Na kijito chetu ni kimoja katika hivyo kumi na moja.

Nikisema, mkataba unaweza kukatika, sakafu inaweza kuondoka, na majirani watanila nyama. Nikinyamaza, mabomba yatakuja hapa penye mmoja aliyepotea njia, na wale pacha wataendelea kuogelea na sabini na mmoja.

Nilimwambia mama mkwe yote. Nilitegemea kelele. Aliendelea kuchambua maharage. "Mimi ndiye niliyekwambia ukawatafute mashimoni," akasema.

"Ndiyo, mama. Nilidhani unajisemea tu."

"Wali wa kuungua huusemi, lakini nyumba nzima inausikia harufu. Jumatatu nenda kaseme."

Nimeishi na huyu mama miaka mitatu nikidhani ananipinga. Kumbe ananijibu.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimesema. Nililiweka daftari hili mezani, nimekunja kurasa za mambo ya nyumbani, nikamwonyesha zile za vituo.

Mama Ramani alisoma polepole. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Akauliza, "Kwa nini?"

"Niliona sifuri ni uvivu."

Akavua miwani. Alikasirika, sitamfichia: alisema wiki tano za kazi zimeharibika, na kwamba nilimsikia siku ya kwanza nikaitikia kwa kichwa. Sikujitetea. Kisha akasema, "Mkosaji mwingine angekuwa ameniharibia kabisa. Wewe umeniharibia kwa saa na dakika, najua pa kurekebisha." Akavuta kompyuta.

Ijumaa, 19 Aprili

Sijafukuzwa. Nitarudia vituo vyote kumi na moja, mara tatu kila kimoja, kwa siku tofauti. Mara moja haitoshi, amesema, maana kumkosa konokono si ushahidi kwamba hayupo. Anaweza kuwa amejificha au mvua imemsomba. Ukimkosa mara tatu, hapo kompyuta inaanza kukusikiliza. Mashimo sita yameongezwa.

Na kuna bahasha. Kompyuta itatabiri wengi au wachache kabla sijaenda, yeye atafunga utabiri kwenye bahasha, nami nitaifungua baada ya kutoka majini tu. "Ili usitafute kwa kutaka," akasema.

Ijumaa, 3 Mei

Kituo cha 4. Simu ikalia, nikatoka. Sifuri. Bahasha: wachache mno. Mkono ulitaka kuchota mara moja zaidi, nikauweka nyuma.

Jumanne, 7 Mei

Kituo cha 7. Sifuri. Mvua.

Alhamisi, 9 Mei

Kituo cha 15. Sifuri. Dereva ameanza kunipigia makofi kila sifuri. Amechanganyikiwa.

Jumanne, 14 Mei

Shimo la tatu, 58. Shimo la nne, 3 tu, na hapo bahasha ilisema wengi. Nikafikiri nimekosea. Mama Ramani akasema hapana, iliyokosea ni kompyuta, na akafurahi kuliko ilipopatia. Tuligundua shimo la nne lina bata wa jirani wanaoshinda humo wakila. Kompyuta haikuambiwa habari za bata. Nimesema tena kuhusu wauza kuku wangu, akacheka mpaka akafuta macho.

Mama Pacha alikuja na watoto wake. Wamekunywa dawa. Mmoja akanionyesha chupa ya mkojo wake mchana kweupe, mbele za watu, rangi ya chai ya rangi iliyopauka. "Angalia, shangazi, damu inaisha!" Mama yake akamfinya sikio. Lakini wakitoka zahanati wanarudi kufanya nini? Kuoga humohumo. Dawa haifungi shimo.

Jumatano, 22 Mei

Mara ya tatu kijito chetu. Mbili za kwanza sifuri.

Majirani walisimama ukingoni. Habari ya sakafu wanaijua. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Anayejua kutafuta hapatwi na sifuri." Mwingine: "Tumempokea kama mtoto wetu, sasa anatuuza kwa watu wa mashimo."

Nilichota. Kwenye kona ya chini, penye majani yaliyolala, sikuwa nimefika bado. Niliijua kona ile, ndipo nilipompata yule punje ya dengu. Hatua nne tu. Nikainua mguu.

Simu ikalia.

Nilisimama na mguu mmoja kama korongo. Kila mtu alikuwa ameisikia. Nikamwona mama mkwe kwenye jiwe lake, ameacha kufua, Kifaranga amemkalia mapajani, miguu mikavu. Hakunipa ishara yoyote. Nikaushusha mguu, nikatoka majini, nikakaa kwenye nyasi nikaandika 0. Kwa kalamu, kubwa kama yai.

"Umepata?" mama mkwe akauliza mbele ya wote.

"Sifuri, mama."

"Basi." Akawageukia majirani. "Mmesikia? Hakuna. Mlitaka aweke wa kabichi?"

Bahasha ilisema: wachache mno.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua zinakatika. Ramani ya mwisho imebandikwa ukutani. Safari hii ina rangi zote: vijito vya mkondo ni kijani, ukingo wa bwawa la kunyweshea ng'ombe ni njano iliyokoza, ya wastani, na mashimo ya matofali ni mekundu kama jicho lililolia. Hata mbali, upande ambao hatujawahi kukanyaga, kompyuta imepaka wekundu mahali pawili. Huko nako, Mama Ramani alikuja kukumbuka, watu walichimba udongo wa matofali zamani. Hakuna aliyeiambia.

Sakafu ya kufulia inakwenda mashimoni.

Nilimuuliza kuhusu mwanangu. Hakunipambia maneno. "Kijani si hapana. Kijani ni shida kuwapata. Msimwache humo, na kila mwaka tutapima." Nilipofika nyumbani nikamkuta mama mkwe amekwishahamisha jiwe lake. Ameliweka juu, mbali na maji, na ndoo mbili na beseni. "Mgongo wangu haupendi kuinama kule," akasema, bila kunitazama. Mgongo wake ni mzima kuliko wangu. Nilichukua ndoo moja, nikaenda kuchota na mabuti yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Leo wamepiga vigingi na kufunga kamba mahali sakafu itakapokaa. Nilikwenda na Kifaranga mgongoni, aone. Mama Ramani amesema msimu ujao nitawafundisha wachotaji wapya watatu, na siku ya kwanza itakuwa ya sifuri peke yake.

Mama Pacha alikuwa anapima kwa hatua, kigingi hadi kigingi, akinong'ona namba. Alipofika kwangu akasimama.

"Niambie kweli, mama mtoto. Miaka yote hiyo gari linageukia darajani. Safari hii nani aliwaambia kwamba sisi tupo?"

Nilifikiri nimtaje mama mkwe, au kompyuta, au konokono sabini na mmoja. Wote wangefaa.

"Kijito cha nyuma ya nyumba yetu," nikamwambia. "Kilisema hakina."

Akanitazama, hakuelewa. Kifaranga akaona kuku wa watu, akaanza kurusha miguu mgongoni kwangu, anataka kushuka. Nikafungua mbeleko nikamshusha. Udongo ulikuwa mkavu. Akawafuata.